Bei ya Kulisha Mzinga

Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili iliyotoka pande mbili za vita moja. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, wa pili ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Julai 1915, Königsberg nayo ilimalizwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10, wakaifunga magurudumu, baadhi katika karakana ya reli ya Dar es Salaam, na kuikabidhi kwa jeshi la nchi kavu la Paul von Lettow-Vorbeck.

Anayetaka kujua gharama za mizinga ya kivita ana sababu ya kuanzia hapa. Kwa kawaida hesabu ya silaha huanza na bei ya kuinunua, na mara nyingi huishia hapo. Kwa mizinga hii 10 bei hiyo ni sifuri: ilikwisha kulipwa Ujerumani, pamoja na meli yake, miaka saba au zaidi kabla ya kufika Rufiji. Kwa hiyo tunaweza kuuliza swali lililo safi kidogo: mzinga ukipatikana bure, ni gharama gani inayobaki?

Istilahi chache kwanza

Mzinga wa uwandani ni mzinga unaosafiri pamoja na jeshi, tofauti na ule uliojengewa ngomeni au melini. Betri ni kikosi kidogo cha mizinga, kwa kawaida minne hadi sita, chini ya amri moja. Kombora, katika makala haya, ni kitu kizima kinachoingizwa kwenye mzinga: kichwa chenye mlipuko, kasha na baruti yake. Masafa ni umbali ambao kombora linaweza kufika.

Kazi ya betri ni kupiga mahali ambapo askari wa miguu hawezi kufika kwa bunduki. Hadi karne ya 19 mpigaji alikiona anachokipiga. Kufikia vita vya 1914 mizinga ilikuwa ikijificha nyuma ya vilima na kupiga kwa maelekezo ya mtu mwingine aliyeko mbele. Masafa yaliongezeka, na makombora yanayohitajika yakaongezeka pia, kwa sababu anayepiga bila kuona hupiga mara nyingi zaidi ili apate. Hapo ndipo mzigo wa ugavi ulipoanza kuuzidi mzigo wa mzinga wenyewe.

Betri ya Mwingereza mwaka 1914 ilikuwa na mizinga 6, watu takriban 200 na farasi zaidi ya 200. Gawanya: kila mzinga una watu 33. Wanaougusa wakati wa kupiga hawafiki 10. Waliobaki, zaidi ya theluthi mbili, wapo ili mzinga ufike na usikose cha kupiga. Wao pamoja na farasi wao hawaonekani kwenye picha.

Farasi wanakula hata siku ambayo hakuna vita. Tuchukue kilo 10 za nafaka na majani kwa farasi mmoja kwa siku, kiwango kisicho mbali na cha jeshi la wakati ule. Farasi 200 wanakula tani 2. Kombora la mzinga wa kawaida wa Mwingereza lilikuwa na uzito wa kilo 10 na ushei. Maana yake ni kwamba betri isiyopiga hata mara moja inakula kila siku uzito unaokaribia makombora 190.

Makombora 150 kwa kila mtutu

Mizinga ya Königsberg ilikuwa ya kipenyo cha sentimita 10.5, na masafa yake yalipita kilomita 12. Hakuna mzinga mwingine wa Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki uliokuwa na nguvu hiyo wakati huo. Manowari iliundwa kubeba makombora 1,500, yaani 150 kwa kila mzinga. Baadhi yalikwisha kupigwa baharini, na mengine yaliletwa baadaye na meli ya Marie, iliyopenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916. Tuchukue 150 kama kipimo, tukijua kwamba kinaweza kupunjwa au kuzidishwa.

Kutoka Julai 1915 hadi Novemba 1917, Wajerumani walipovuka mto Ruvuma bila hata mmoja wa mizinga hiyo, ni miezi 28. Gawanya 150 kwa 28: makombora 5 na kitu kwa mwezi, au kombora moja kila baada ya siku 5 hadi 6.

Linganisha na Ufaransa. Kabla ya shambulio la Somme la tarehe 1 Julai 1916, Waingereza walipiga takriban makombora milioni 1.5 kwa siku 7, wakitumia mizinga kati ya 1,400 na 1,500. Hiyo ni wastani wa makombora 1,000 kwa mzinga, au takriban 145 kwa siku. Kwa maneno mengine, mzinga mmoja wa Somme ulimaliza kwa siku moja kiasi ambacho mzinga wa Königsberg ulitakiwa kuishi nacho kwa zaidi ya miaka miwili.

Wingi huo usichukuliwe kuwa ndiyo matokeo. Sehemu kubwa ya makombora ya Somme hayakulipuka, na mengi hayakuwa ya aina inayoweza kubomoa mahandaki. Siku askari walipotoka kushambulia, Uingereza ilipata hasara ya watu 57,470, kati yao 19,240 waliuawa. Idadi ya makombora yaliyopigwa ilikuwa kwenye daftari tangu asubuhi. Yalichofanikisha hakikuwa kwenye daftari lolote hadi jioni.

Kwa nini Afrika Mashariki hakukuwa na Somme? Sababu haikuwa uhaba wa mizinga peke yake. Ni uzito, ukizidishwa kwa umbali, bila ya mnyama wa kuubeba.

Mnyama anapokufa

Waingereza na Waafrika Kusini walianza kampeni ya 1916 na farasi, baghala, ng'ombe, punda na malori. Mbung'o walikuwa njiani tangu Kilimanjaro hadi Rufiji, na katika miezi ya mwisho ya mwaka huo wanyama waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Malori nayo yalizama kwenye matope ya masika. Njia iliyobaki ilikuwa kichwa cha mpagazi.

Mzigo wa mpagazi katika jeshi la Mwingereza ulikadiriwa kuwa ratili 50, sawa na kilo 23. Mtutu pekee wa mzinga wa Königsberg, bila kiti wala magurudumu, ulikuwa na uzito wa tani moja na nusu na ushei. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni mizigo 68. Lakini mtutu haukatwi vipande, kwa hiyo ulivutwa kwa kamba, na mbele ya wavutaji walitangulia watu wa kufyeka njia. Ndiyo sababu majeshi yaliyozoea nchi kama hizi yalipenda mizinga midogo ya milimani, inayofunguka ikawa mizigo kadhaa, ingawa masafa yake ni mafupi.

Makombora, tofauti na mtutu, hugawika. Kombora la Königsberg lilikuwa na uzito unaokaribia kilo 25, na kati ya hizo kichwa peke yake kilizidi kilo 17. Kombora moja, mpagazi mmoja. Hesabu hiyo ni rahisi kukumbuka, ila ina kasoro: imesahau kwamba mpagazi anakula.

Hesabu ya posho

Tuchukue posho ya kilo 1 ya unga kwa siku, na tuseme mpagazi anabeba chakula chake mwenyewe cha kwenda na kurudi. Umbali wa siku moja unamgharimu kilo 2. Katika kilo 23, kinachobaki kwa ajili ya makombora ni kilo 21. Umbali wa siku 5 unaacha kilo 13, na wa siku 10 unaacha kilo 3. Baada ya siku 11 na nusu hakibaki kitu: mtu mzima anatembea kwenda na kurudi akiwa amebeba chakula chake tu.

Sasa tupeleke makombora 100, yaani kilo 2,500. Kwa umbali wa siku 5, ambao kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku ni kilomita 100, wanahitajika wapagazi 193. Kwa umbali wa siku 10, kilomita 200, wanahitajika 834. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka zaidi ya mara nne.

Unga nao uhesabiwe. Kwa siku 5, msafara unakula kilo 1,930 ili kufikisha kilo 2,500 za makombora. Kwa siku 10 unakula kilo 16,680 kwa mzigo uleule. Kila kilo moja ya silaha inayofika imegharimu karibu kilo 7 za unga.

Mshahara ni hesabu ya tatu. Mpagazi wa Mwingereza kutoka Kenya ya leo alilipwa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha rupia 6. Rupia 15 zilikuwa pauni moja, kwa hiyo rupia 5 ni shilingi 6 na senti 67 tukitumia desimali, au takriban senti 22 za shilingi kwa siku. Safari ya kilomita 100 inahitaji siku-kazi 1,930, ambazo ni rupia 322, sawa na shilingi 429. Safari ya kilomita 200 inahitaji siku-kazi 16,680, ambazo ni rupia 2,780, sawa na shilingi 3,707.

Kwa kombora moja, usafiri umepanda kutoka shilingi 4.30 hadi shilingi 37. Umbali mara mbili, gharama mara 8.6. Katika kanuni hii hakuna mahali ambapo bei ya mzinga inaingia.

Dhana zilizofichwa

Hesabu hiyo ina kasoro nne, na kila moja ina uzito wake.

Kwanza, inachanganya kombora la Mjerumani na mshahara wa Mwingereza. Nimefanya hivyo kwa sababu mshahara wa Mwingereza unajulikana, ilhali upande wa Mjerumani wapagazi wengi walikamatwa tu vijijini, na kadiri vita vilivyoendelea malipo yakawa ahadi. Ukiweka sifuri kwenye safu ya mshahara gharama haiondoki, imehamia kwa mpagazi mwenyewe.

Pili, inadhani kwamba kila aliyeondoka alifika. Wapagazi waliugua kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea ndizi, mtama au wimbi walipewa unga wa mahindi wa kukoboa vibaya, bila muda wala sufuria za kutosha kuupika ukaiva. Posho, ambayo kwenye hesabu ni kilo 1 tu, ilikuwa yenyewe chanzo cha maradhi.

Tatu, inadhani kwamba hakuna maghala njiani. Kukiwa na ghala la unga kila kituo, mpagazi anabeba kilo 23 kamili za makombora, na wapagazi 109 wanatosha. Lakini unga haukujipeleka ghalani. Umebebwa na msafara mwingine ambao haumo kwenye hesabu ya mizinga.

Nne, na hii ndiyo dhana iliyotumiwa zaidi kivitendo: chakula kitapatikana njiani. Kilipatikana kwa kuchukuliwa. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita na kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, ilifuata njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika idadi ya 150,000, yaani asilimia 20. Ukame ulichangia, kwa hiyo si haki kuitwika vita njaa yote. Si haki pia kuiandika sifuri, kama zinavyofanya hesabu za kijeshi.

Safu ya vifo

Katika kampeni nzima Uingereza iliandikisha wapagazi zaidi ya milioni moja. Vifo vilivyokubaliwa rasmi vinatajwa kuwa takriban 95,000. Askari wa upande huohuo waliokufa ni takriban 11,000. Uwiano ni wapagazi 8 hadi 9 kwa kila askari mmoja.

Ukigawa 95,000 kwa milioni unapata asilimia 9.5. Asilimia hiyo isiaminiwe haraka. Chini ya mstari, aliyeandikishwa mara mbili anahesabiwa kama watu wawili. Juu ya mstari, aliyetoroka akafia porini, au aliyerudishwa kwao mgonjwa akafa mwezi uliofuata, mara nyingi hahesabiwi kabisa. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja: yanaishusha asilimia. Basi 9.5 tuisome kama sakafu.

Si wote walikuwa wakibeba makombora. Wengi walibeba unga, dawa, mahema, hata viti vya maofisa. Hakuna njia ya kutenga vifo vya mizinga na vifo vya mahema, na anayedai kuitenga anakisia. Tunachoweza kusema ni kwamba kombora lilikuwa miongoni mwa mizigo mizito isiyopungua njiani. Gunia la unga hupungua kila jioni.

Kagera: roketi na lori

Miaka 60 baadaye hesabu ilirudi Tanzania kwa sura nyingine. Katika vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, Jeshi la Wananchi lilitumia BM-21, gari lenye mirija 40 ya roketi za milimita 122, ambalo Waganda walilibatiza jina la saba saba. Mirija yote hupiga kwa takriban sekunde 20, masafa ya kilomita 20 hivi.

Roketi moja ina uzito wa kilo 66 hivi. Mpigo mmoja kamili ni kilo 2,640, zaidi kidogo ya makombora 100 ya Königsberg. Kwa wapagazi wa 1917, umbali wa siku 5, sekunde 20 hizo zingehitaji watu 204 na siku 10.

Lori la tani 5 linabeba roketi 75, karibu mipigo miwili. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni takriban kilomita 1,400. Tukichukua lita 35 kwa kilomita 100, kwenda na kurudi ni lita 980, zenye uzito wa kilo 820 hivi. Lori limekula asilimia 16 ya uzito wa mzigo wake kwa kilomita 1,400. Mpagazi alikula asilimia 43 kwa kilomita 100.

Tofauti ni kubwa, ila tuangalie safu ilikohamia. Unga wa mpagazi ulilimwa hapahapa. Dizeli, matairi na vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Malori mengi ya raia na ya mashirika ya umma yalichukuliwa kwa ajili ya vita, na mazao ambayo yangebebwa na malori hayo hayakuandikwa kwenye bajeti ya ulinzi.

Gharama ya vita hivyo hutajwa mara kwa mara kuwa dola milioni 500. Kwa kiwango cha wakati ule, shilingi 8.20 kwa dola, ni shilingi bilioni 4.1. Sensa ya 1978 ilihesabu watu milioni 17.5, kwa hiyo ni shilingi 234 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Namba hiyo ni ya mviringo mno kuwa jumla ya stakabadhi. Ichukuliwe kama ukubwa wa jambo, isichukuliwe kama hesabu iliyofungwa.

Bei inapopanda pamoja na mahitaji

Mfano wa karibuni ni Ukraine. Oktoba 2023 Admirali Rob Bauer wa NATO alisema kombora moja la milimita 155 limepanda kutoka euro 2,000 hadi euro 8,000. Tukichukua shilingi 2,700 za Tanzania kwa euro, ni kutoka shilingi milioni 5.4 hadi milioni 21.6. Makadirio ya matumizi ya Ukraine mwaka huo yaliyumba sana. Tukichukua 6,000 kwa siku, bei ya zamani inatoa shilingi bilioni 32.4 kwa siku, na bei mpya bilioni 129.6. Si kila kombora lilinunuliwa kwa bei ya juu, kwa hiyo ukweli uko kati ya namba hizo mbili.

Kabla ya vita hivyo Marekani ilikuwa ikitengeneza takriban makombora 14,000 ya aina hiyo kwa mwezi. Kwa matumizi ya 6,000 kwa siku, uzalishaji wa mwezi mzima unatosha siku 2 na saa chache. Umoja wa Ulaya uliahidi makombora milioni moja ifikapo Machi 2024. Mapema mwaka huo makadirio yake wenyewe yalikuwa kwamba yangefika 524,000, asilimia 52. Mitutu ilikuwepo. Kilichokosekana ni cha kuilisha.

Mahesabu mawili, usahihi tofauti

Mwaka 1917, 1979 na 2023, bei ya mzinga haikuwa gharama kubwa zaidi ya kuwa na mizinga. Kilichobadilika ni nani anayelipa: mpagazi na kijiji chake, mwenye lori na mkulima wake, au mlipakodi wa Ulaya.

Kimebadilika pia kiwango cha usahihi. Mabaharia wa Königsberg walikuwa 322, na idadi yao iko hadi mtu wa mwisho. Mizinga yake ni 10. Mmoja uko Mombasa, mwingine Pretoria, mmoja uliwahi kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi waliokufa ni 95,000. Ikiwa namba hiyo imekaribishwa kwenye elfu tano iliyo jirani, basi inaweza kukosea kwa watu 2,500 kwenda juu au chini bila mtu kulazimika kuisahihisha. Kosa hilo peke yake ni sawa na mabaharia wote wa Königsberg mara 7 na zaidi.